Taima ya siku arobaini na tano

Juzi tukiwa juu ya ngazi kwa kazi fulani barabara ya kwenda Njoro, kijana wa atachimenti ananishikia tochi, akaniuliza, "Kwani fundi, ulianza na ngapi?" Nikamwambia nilianza na laptopu ya mkono wa pili, multimita moja, na deni ya elfu kumi na nane ya rafiki yangu, ambayo ndio ilinunua hio laptopu. Akacheka akidhani ni mzaha. Si mzaha, na hata hapo sikumwambia yote, juu kuna kitu ilinigharimu kuliko laptopu na sijawahi kuiandika mahali. Watu wakisimulia vile walianza biashara husema walilala njaa, walikopa chama, wakaamka mapema, sijui nini na nini. Hakuna mtu husema vile alifanya upuzi akiwa na akili timamu. Wacha mimi niseme.

Kazi yangu ni otomesheni. Ukimwambia mtu hivyo hapa Nakuru anafikiria gari isiyo na klachi. Mama yangu kule Kakamega alishaacha kueleza, huambia watu "anatengeneza stima ya viwanda" na inatosha. Ni hivi: mahali mtu alikua anasimama akibonyeza swichi na kuhesabu dakika kwa kichwa, mimi naweka kompyuta ndogo inaitwa PLC, inasoma sensa, inawasha mota, inazima, inafungua valvu, bila kwenda kunywa chai. Si kitu mpya, zilianza Marekani mwisho wa miaka ya 1960 kwa viwanda vya magari, juu kila mwaka modeli mpya ikitoka ilibidi watu wang'oe waya za rilei, zile swichi zinavutwa na sumaku ya stima, na kufunga upya na walikua wamechoka. Lakini zunguka vinu na karakana za huku Rift na magharibi, bado utapata paneli, lile sanduku la stima ya mashine, imejaa rilei za zamani zinalia ka-ka-ka-ka kama kuku anataga.

Mimi nilikua fundi wa instrumenti, yaani vifaa vya kupima, kwa kiwanda cha majani chai upande wa Kericho, miaka sita. Kontrakti ikaisha mwezi wa kumi na moja 2021, wakasema watatupigia. Nikaja Nakuru kwa shemeji yangu ambaye alikua na chumba. Tarehe moja mwezi uliofuata Nakuru ikapewa siti, watu wanapiga honi barabarani, mimi niko kwa godoro nahesabu siku tangu wale waseme watapiga simu. Hadi leo.

Kazi ya kwanza ya maana ilitoka Kisumu. Kiwanda kidogo cha sabuni za miche, stima ilipotea siku mbili, ikirudi mashine ya kukata haikuamka. Walikua wameshaita mafundi watatu na kila mmoja alikua amebadilisha kitu, kontakta mpya, breka mpya, mwingine hata alibadilisha mota nzima, sijui alisukumwa na nini. Nikafungua paneli nikakuta PLC ya Mitsubishi FX2N, ile ya zamani, taa ya PROG-E, ya kusema programu ina kosa, inameta, na juu yake kidogo kuna kipande cha selotepu nyeusi kimebandikwa vizuri kabisa, hata kona zimekatwa na makasi. Nikabandua. Chini yake kuna maandishi BATT.V, taa ya bateri.

Nikauliza nani aliweka hii selotepu.

Opareta, mama mmoja mpole hivi amevaa leso kiunoni, akasema, "Ni mimi, mwanangu. Hio taa nyekundu ilikua inanichoma macho."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu Krismasi ya mwaka juzi."

Sasa kama hujui, hio PLC huweka programu yake kwa memori ambayo inashikiliwa na bateri ndogo ya lithiamu, inakaa kama miaka mitano hivi. Ikianza kuisha inawasha hio taa ikuombe nyingine. Stima ikiwa iko hutaona shida yoyote, utaendelea kukata sabuni mwaka mzima. Siku stima itapotea na bateri imekufa, programu imeenda, na kinachobaki ni sanduku la plastiki. Nikauliza bakapu iko wapi, wakaniambia fundi aliyefunga mashine alikua ameweka paswadi ili mtu mwingine asiguse kazi yake, na bakapu alikua nayo kwa laptopu yake, na yeye alienda Qatar na namba yake haishiki. Kwa hivyo ile kufuli ilikua imeyeyuka pamoja na kitu ilikua inachunga.

Nilikaa siku nne. Nilifuata waya moja moja nikibandika masking tepu na kuandika, hii inatoka kwa swichi ya kisu, hii inaenda kwa valvu ya hewa, hii hatujui, hii pia hatujui. Mpangilio wenyewe haukua kwa karatasi popote, ulikua kwa kichwa cha yule mama. Nikamuuliza, kisu kikishuka halafu? "Halafu husubiri kidogo." Kidogo kama ngapi? Akanyamaza, akafunga macho, akaanza kugonga meza na vidole, tu, tu, tu, tu, nikampima na simu, sekunde mbili nukta nne. Nikaandika 2.4. Tukajaribu. Akatega sikio, akasema, "Bado. Huyu anaharakisha." Nikaweka 2.6. Akatega tena akaitikia na kichwa, "Eeh. Sasa amerudi." Yaani alikua anaijua hio mashine kama mtu anajua kikohozi cha mzee wake.

Walinilipa elfu thelathini na tano. Nikaprinti programu yote, nikaiweka kwa karatasi ya plastiki ndani ya mlango wa paneli, nikawaachia flashi, nikaandika na maka peni tarehe niliyoweka bateri mpya. Kwa matatu nikirudi kupitia Kericho nilijiapia sitawahi kumfungia mteja kitu chake. Kumbuka hio.

Shida ya pili ilikua bei. Mtu ambaye amelipwa mshahara miaka sita hajui kutaja bei, unaitaja ukiwa unaangalia viatu. Kulikua na kiwanda kidogo cha maziwa, maziwa yao yalikua yanaganda kwa duka kabla ya siku zake kuisha, walikua wamebadilisha pakiti, wamefukuza dereva, wamesafisha mapipa mpaka yakang'aa. Maziwa ya pasturaizi ya mtindo wa haraka yanafaa kufika nyuzi 72 na kukaa hapo sekunde 15, na skrini yao ilikua inasema 72 bila kutetereka. Nikafuata sensa. Ilikua Pt100, sensa ya joto, ile ambayo kwa nyuzi sifuri inasoma ohm 100 na kila nyuzi ikipanda inaongeza kama 0.385 hivi. Ina waya tatu kwa sababu maalum, ile ya tatu inasaidia kifaa kujua ukinzani wa kebo yenyewe ili kiutoe. Sasa kuna mtu alikua amehamisha paneli na kebo ikawa fupi, akaunganisha na waya mbili nyembamba za spika, mita kumi na tano, ile ya tatu akaiunganisha tu na mwenzake hapo kwa paneli. Kwenda na kurudi hizo waya ziliongeza ohm moja na kidogo. Ohm moja ni nyuzi mbili na nusu za uongo. Skrini inaona 72, maziwa yanaona 69.

Nilivuta kebo ya kawaida ya waya tatu, dakika arobaini, tukapima na themomita ya glasi, ikalingana. Mzee mwenye kiwanda akasimama akaangalia, akauliza, "Ni hio tu?" Nikasema ni hio tu. "Basi nipe bei ya rafiki." Nikasema elfu tatu. Elfu tatu! Kebo peke yake ilikua elfu moja na mia mbili, na nauli, na chakula. Nilifika nyumbani nikamwambia mke wangu, ambaye huuza mitumba na hana huruma na hesabu ya mtu, akaniuliza kama niliuza waya ama niliuza maziwa yao yote ya mwezi ujao. Sikulala vizuri. Kesho yake nikaandika karatasi: kuja kuangalia ndani ya mji ni elfu tano kabla sijafungua boksi ya spana, nje ya mji naongeza kwa kilomita, na hio pesa hairudi hata kama shida ni fyuzi ya shilingi hamsini. Wengine hukata simu nikisema hivyo. Wacha wakate.

Makaratasi sitakaa nayo sana. Jina la biashara nilisajili kwa eCitizen, haikufika hata elfu mbili. Paminti ya kaunti. Leseni ya fundi wa stima kutoka EPRA, wale wa serikali wa kawi, hio usicheze nayo, moto ukitokea kitu ya kwanza wataulizia ni hio. Na KRA, watu wa kodi, hapa wengi huumia: tangu Januari 2024 kiwanda hakiwezi kutoa gharama yako kwa hesabu ya kodi kama haina invoisi ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, kwa hivyo mhasibu akiona kile kitabu chako cha risiti cha duka la vitabu anakurudishia kama mtu amepewa noti ya bandia. Mauzo yakipita milioni moja kwa mwaka na hayajafika milioni ishirini na tano kuna ile kodi ya mauzo, asilimia 3, unalipa kufika tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ni asilimia ya mauzo si ya faida, kwa hivyo ukinunulia mteja draivu, kile kifaa cha kuongoza kasi ya mota, ya laki moja kwa jina lako na ukaongeza elfu tano tu juu, umemlipia mteja kodi na umebaki na pesa ya nyanya. Siku hizi vifaa vikubwa naambia mteja anunue mwenyewe, mimi naandika namba kamili ya modeli na naenda naye dukani.

Sasa tufike kwa ile stori.

Mwaka 2023 nikapata kazi kubwa. Mzee mmoja ana kiwanda cha chakula cha mifugo, mikisa ya tani moja, hopa nne, pumba za mahindi, soya, mashudu ya alizeti, chokaa, na pampu ya molasi. Vijana walikua wanapima na mizani na sepeto, gunia moja chumvi nyingi, gunia lingine hakuna, wakulima wanarudisha. Nikamtengenezea paneli, lodi seli, sensa za uzito, chini ya hopa ya kupimia, draivu kwa zile skru za kusukuma, unachagua fomula kwa skrini na mashine inajipimia yenyewe. Bei laki nne na ishirini elfu. Akanipa nusu. Hio nusu haikutosha hata vifaa, nikakopa chama elfu hamsini, nikaona si neno, kazi ni wiki tatu.

Kazi ikaisha wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi. Ikafanya kazi, walai ikafanya vizuri, vijana wakapiga makofi. Salio laki mbili na kumi elfu. "Kijana wangu, pesa iko, ni mhasibu amesafiri." Wiki iliyofuata mhasibu bado amesafiri. Chama nayo haisafiri, chama ni kila Jumapili.

Sasa usiku wa kabla ya kukabidhi, kwa sababu nilikua nimeshanusa hio ya mhasibu, nilikua nimefanya kitu. Nilikua nimesikia kwa mafundi wengine kwamba ni kawaida, kila mtu hufanya, ni bima yako. Niliandika mistari sita kwa programu. Rejista moja, yaani nafasi ya namba kwa memori ya PLC, inahesabu dakika, haijifuti hata stima ikizimwa, ikifika hesabu fulani inakataza mikisa kuwaka. Siku arobaini na tano mara masaa ishirini na nne ni masaa 1,080. Nikaificha katikati ya mistari ya ovalodi, ile ya kuzima mota ikizidiwa, nikaipa jina la kuzubaisha kama ni ulinzi wa mota. Mimi, yule wa masking tepu Kisumu.

Siku ya arobaini na tano ikafika nikakaa nyumbani na simu kwa mkono kama mtu anangoja matokeo ya mtihani. Kimya. Arobaini na sita, kimya. Arobaini na nane nikapita pale kama naenda zangu, nikasikia mikisa inavuma tu. Nikajiambia nimekosea kuandika, hata wizi siwezi. Siku ya hamsini na mbili mhasibu akarudi kweli kutoka mahali alikua ameenda, kumbe kulikua na mhasibu na kulikua na safari, pesa yote ikaingia benki mara moja. Nikalipa chama, nikanunua mashine ya kuprinti lebo za waya, nikasahau. Nilisahau kabisa. Sikurudi kutoa ile mistari kwa sababu kwa akili yangu haikua inafanya kazi.

Ilikua inafanya kazi. Kile sikukumbuka ni kwamba hao watu kila jioni huzima meini swichi, mzee anaogopa moto, na PLC isiyo na stima haihesabu. Masaa kumi kwa siku, siku sita, ni masaa sitini kwa wiki. Gawanya 1,080 kwa sitini. Ni wiki kumi na nane. Hesabu ya darasa la tano.

Februari jua lilikua kali, nyasi zimeisha, kila mwenye ng'ombe anataka chakula, wakaanza shifti ya usiku. Saa tatu na dakika ishirini usiku simu ikalia. Supavaiza wao. "Injinia, pole kwa kukuamsha. Mikisa imesimama. Hakuna taa nyekundu, hakuna alamu, ovalodi haijaruka. Ukibonyeza stati inakuangalia tu."

Kabla amalize kusema nilikua nimejua. Tumbo lilishuka mpaka kwa magoti. Nikachukua boda, njia nzima naambia yule kijana apunguze mwendo na kwa roho nataka aongeze. Nikaweka laptopu juu ya magunia, nikachomeka kebo, nikafungua, mistari yangu sita iko pale, rejista inasoma 64,800, yaani dakika zote zimetimia kama vile niliagiza. Nikazifuta. Dakika mbili.

Lakini mikisa ilikua imesimama ikiwa imejaa tani nzima na molasi imeshaingia. Mikisa ya aina hio inaanza ikiwa tupu halafu unajaza, haiwezi kuamka na mzigo wote umelala juu ya mabawa na molasi imeshikanisha kila kitu. Tulijaribu, draivu ikaruka kwa ovakarenti, stima imezidi. Tena. Mara ya tatu nikasema tuache kabla tuchome kitu. Ilibaki kutoa na sepeto. Nikazima aisoleta, swichi ya kukata stima yote ya mashine, nikaweka kufuli yangu nyekundu ile ya usalama, funguo nikatia mfukoni, nikavua viatu vizuri nikaingia na vijana wawili. Mnainama kwa lile tumbo la chuma, tochi imefungwa na waya juu, vumbi la soya puani, molasi inaingia kwa soksi, na kila sepeto inatoka kama umechota ugali wa jana. Mmoja wa wale vijana aliniambia, "Injinia wengine wangetuma mtu. Wewe umeingia mwenyewe." Sikumjibu. Tulitoka saa nane usiku.

Saa moja asubuhi mzee akafika. Supavaiza ameshamwambia vile Injinia alikuja usiku akaokoa kazi. Hapo ningeweza kusema ni sensa. Hakuna mtu pale angejua, hata wewe ungesema ni sensa. Lakini nilikua nimekaa juu ya gunia, soksi zimekauka zimekua kama mbao, na mzee ananimiminia chai ya maziwa kwa kikombe chake mwenyewe, nikashindwa. Nikamwambia yote, hata hesabu ya masaa nikamwambia.

Mzee alikunywa chai yake ikaisha. Akauliza, "Mimi sikukulipa?"

"Ulinilipa, mzee."

"Nilikuchelewesha wiki saba, hapo sikatai. Lakini nililipa mwezi wa kumi na moja na hii ni mwezi wa pili. Hio kufuli ya jana usiku ilikua ya deni gani?"

Sikua na jibu, na sina hadi leo. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema niwalipe wale vijana usiku wao, elfu tatu, nikalipa. Akasema anataka programu yote kwa flashi, na kwa karatasi, na mtoto wake akifunga chuo nije nimwonyeshe mstari kwa mstari. Nikafanya. Halafu hakunipigia simu karibu mwaka mzima, nikipita kwa geti askari ananisalimia lakini hafungui.

Kuna mafundi watanisoma hapa waseme mimi ni mjinga, bila kufuli utaliwa. Ni kweli utaliwa. Mimi nimeliwa mara mbili tangu hapo, kuna mtu wa kinu upande wa Bungoma ana elfu sitini na nne yangu na ameshabadilisha namba, hio nimeshaizika. Lakini kile kinanikera na hio biashara ya taima za siri ni kwamba unamwadhibu mtu ambaye hakuandika cheki. Mwenye deni amelala kwake, anayeinama kwa mikisa ni kibarua wa mia sita kwa siku. Na siku moja hio taima itaruka wakati mtu ameweka mkono mahali, ama itasimamisha kitu ambacho hakifai kusimama, pampu ya maji ya bwaila kwa mfano, halafu utaeleza korti kwamba ilikua bima yako.

Siku hizi nafanya hivi, na sio siri. Vifaa ananunua mteja ama ananipa pesa yote ya vifaa kabla. Kazi ya mkono naigawa: nikimaliza kufunga paneli, mashine inafanya kazi kwa manyuali, unabonyeza hii inawaka, unabonyeza ile inazima, kila mota imepimwa, kila swichi ya dharura inafanya kazi. Hapo unalipa sehemu ya pili. Oto, yaani mashine kujiendesha yenyewe, ninaleta baada ya hio, na imeandikwa hivyo kwa kwotesheni na herufi kubwa na mteja anaweka sahihi. Akikwama na pesa, anabaki na mashine inayofanya kazi kwa mkono kama vile ilikua, hakuna kitu inamngoja gizani. Wengi hulipa haraka, juu ukishaona skrini iko pale na kitufe cha OTO kimeandikwa na hakifanyi kitu, inakuwasha. Na siku ya mwisho namwachia programu, michoro, paswadi kama iko, na tarehe ya bateri.

Hio kazi ya juzi barabara ya Njoro, ya ngazi na tochi, ni ya mzee huyo huyo. Alipiga simu mwezi uliopita kama jana tu ndio tuliachana, anataka mashine ya kutengeneza peleti iunganishwe na ile paneli. Alinitumia LPO, ile karatasi rasmi ya kuagiza kazi, kupitia mtoto wake, imechapwa vizuri, stempu, sahihi. Nilikua nimeikunja kwa mfuko wa ovaroli na ikaanguka nikishuka, kijana wa atachimenti akaiokota akaifungua. Chini kabisa, chini ya stempu, mzee alikua ameongeza na biro ya bluu, kwa mwandiko wake ule wa shule za zamani: "Fundi asiweke taima."

"Hii inamaanisha nini, fundi?"

Nikamwambia apande ngazi, sasa ni mimi nitamshikia tochi.